Terariamu yangu ya nchi kavu na bwawa: maji yanapungua kila siku na nje hakuna hata tone. Yanakwenda wapi?

#1 Bwana Kangaga

Wakuu, poleni na baridi.

Nina terariamu, yaani kisanduku cha kioo cha kuoteshea mimea, nilichojengewa mwezi wa tano. Urefu sentimita 90, upana 40, kimo 50. Ndani nimekigawa kwa kipande cha kioo kilichosimama sentimita 18. Upande wa kushoto, sentimita 50, ni bwawa. Kulia ni nchi kavu: kokoto chini, mkaa juu yake, chandarua, halafu udongo, na juu nimepanda makangaga na kuvumwani niliyobandua kwenye ukuta wa karo nyuma ya nyumba. Kona ya nyuma, juu ya kile kioo cha katikati, kuna maporomoko madogo. Pampu inavuta maji bwawani, inayapandisha kwenye mawe, yanarudi chini. Kuna samaki wadogo watano aina ya gapi na hita ya samaki niliyoiweka nyuzi 24.

Tatizo ni hili. Kila asubuhi bwawa limeshuka. Naongeza chupa ya lita moja na nusu, kesho yake hadithi ileile. Nimetandika gazeti chini ya kisanduku siku tatu, gazeti likabaki kavu kama lilivyotoka dukani. Ila upande wa nchi kavu udongo umeanza kunuka kinamasi na kangaga moja limeshalala.

Naishi Uyole, Mbeya. Mfuniko wa kioo upo, unafunika robo tatu. Nani kapitia haya?

#2 Kijiwe cha Kabwe

Bila picha uzi haujakamilika. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Mtoto wa Tukuyu

Pole mkuu. Huku kwetu hizo hatujengi, tunaishi ndani yake. Mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Kiatu ukikisahau nje wiki mbili unakikuta kimeota kuvumwani, ukimwagilia kidogo unapata na kangaga.

Nikirudi kwenye swali: hicho chandarua kimeishia wapi? Kimekatwa ndani ya nchi kavu au kimepanda juu ya kioo cha katikati kikaangukia bwawani?

#4 Bwana Kangaga

Kimepanda kidogo juu ya kioo. Nilifanya hivyo udongo usidondokee kwa samaki. Juu yake nikatandaza kuvumwani ili kioo kisionekane. Picha nitaweka jioni, bando limekata.

#5 Dokta Kokoto

Basi kesi imekwisha hapo hapo. Chukua glasi ya maji, tumbukiza ncha ya kitambaa, ncha nyingine iache inaning'inia nje chini kuliko maji. Rudi asubuhi, glasi ni nusu na meza imelowa. Kitambaa kinanyonya, maji yanapanda ukingo, yakishavuka yanashuka yenyewe. Wewe umeyawekea maji kitambaa cha chandarua, na juu yake umeyaongezea kuvumwani, mmea ambao kazi yake duniani ni kunyonya maji. Daraja mbili juu ya ukuta mmoja.

Kata vyote viwili, acha vidole viwili vya kioo kitupu juu. Hata kama hakipendezi.

#6 fundi_vioo

Dokta hujakosea kuhusu kitambaa, ila umefunga kesi mapema. Mimi nimekata vioo Mwanjelwa miaka mingi. Kioo cha katikati ndicho huvuja kila mara, kwa sababu mafundi wengi hukiweka mwisho, mkono umeshachoka, na silikoni inapakwa juu ya silikoni ya jana. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokwisha kukauka. Kwa macho inaonekana imeshika, ukiibana na ukucha inabanduka kama utando wa maziwa.

Maswali: alitumia silikoni inayonuka siki au ile ya bafuni? Ile ya bafuni ina dawa ya kuzuia ukungu, samaki hawaitaki. Na uliijaza maji baada ya muda gani?

#7 Bwana Kangaga

Ilinuka siki hadi majirani wakauliza tunapika achari gani. Nilijaza maji kesho yake.

#8 fundi_vioo

Kesho yake! Kwa baridi hii ya Uyole? Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewani na joto. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba mimi humwambia mteja asubiri siku tatu, nne. Pembe ya chini ya kioo cha katikati, hapo ndipo pa kutazama.

#9 Baridi Njombe

Kamwene. Mnamhangaisha bure, maji yanaruka angani. Kaweka hita nyuzi 24, chumba chake usiku huu hakifiki hata 15. Maji ya moto kwenye chumba cha baridi ni sufuria bila mfuniko. Na mfuniko wake unaacha robo wazi. Maporomoko nayo yanayapiga maji hewani saa ishirini na nne.

Bwana Kangaga, angalia kwenye kioo pale maji yalipokuwa yamefika. Kuna mstari mweupe?

#10 Bwana Kangaga

Upo! Kama chumvi. Nilidhani ni sabuni iliyobaki.

#11 Baridi Njombe

Hiyo ni chokaa. Maji yakiondoka kama mvuke, madini yanabaki. Yangekuwa yanavuja tu, yangeondoka na madini yake. Nimemaliza.

#12 Dokta Kokoto

Hujamaliza. Mstari mweupe unasema baadhi yamekuwa mvuke, hausemi kiasi. Tupige hesabu. Bwawa ni 50 kwa 40, eneo sentimita za mraba 2,000. Lita moja na nusu ni kimo cha milimita 7.5 kwa siku. Ndani ya nyumba, kisanduku kimefunikwa robo tatu, milimita saba na nusu zote ziruke angani? Nguo zenyewe mwezi huu zinakataa kukauka.

#13 Mtoto wa Tukuyu

Dokta umesahau mawe. Bwawani kuna mawe ya maporomoko yametokeza juu ya maji, eneo halifiki 2,000. Kwa hiyo kimo kinachoshuka ni kikubwa zaidi ya hapo. Umejiongezea ushahidi bila kujua 😂

#14 Dokta Kokoto

Napokea masahihisho. Ndaga.

#15 MamaWawili

Samahani kwa kuingilia. Mume wangu naye kaanza haya mambo. Nachotaka kujua mimi ni mbu. Maji yamesimama ndani ya nyumba, kuna watoto. Nikisema naambiwa sielewi sanaa.

#16 Chura Mdogo

Mama, hofu yako ina msingi. Viluwiluwi wa mbu wanamaliza kukua kwa kama wiki moja hadi mbili, inategemea joto. Ila gapi wanawala wote. Hatari haipo bwawani, ipo kwenye vijidimbwi ambavyo samaki hafiki: juu ya maporomoko, kwenye sahani ya chungu, na kwenye kokoto za nchi kavu kama zimejaa maji kama za mwenye uzi. Mwambie shemeji amulike tochi hapo usiku.

#17 MamaWawili

Nimemulika mwenyewe. Wapo. Asante, leo kuna kikao cha familia.

#18 Wa Matema

Kwa nini mnang'ang'ania gapi wa dukani wakati tuna Ziwa Nyasa? Njoo Matema, samaki wa rangi zote, bluu, njano, mistari. Mbuna watupu. Wazungu wanawalipia dola.

#19 Chura Mdogo

Wa Matema, mbuna hapana kwa kisanduku kama hiki. Kwanza wanagombana, wanataka nafasi na mawe ya kujificha. Pili wanakula ukoga kwenye miamba, wakikosa watakula mimea yako. Tatu maji ya Nyasa yana madini na yanavuta kwenye magadi, pH (kipimo cha ukali wa maji) ya 8 hivi, wakati makangaga na kuvumwani wanapenda maji laini kama ya mvua. Ukimfurahisha mmoja umemuudhi mwingine. Na maji yenyewe kimo chake hayafiki hata shubiri.

#20 Wa Matema

Sawa mkuu, nilikuwa natangaza utalii wa nyumbani.

#21 Mkulima wa Mufindi

Hayo mawe ya maporomoko uliyatoa wapi? Kama ni yale meupe ya Songwe, ni jamii ya chokaa, yanaachia madini kidogo kidogo. Dondoshea maji ya ndimu, yakitoa povu ujue. Hiyo inaweza kuwa ndiyo sababu ya mstari mweupe, wala si mvuke wa Njombe.

#22 Bwana Kangaga

Ni ya Songwe. Nimekamulia ndimu sasa hivi, limetoa povu. Halafu watoto wameomba chumvi wakala ndimu iliyobaki.

#23 Baridi Njombe

Mkulima, mawe yanaweza kuongeza madini majini, ila madini hayagandi kwenye kioo mpaka maji yaondoke. Bado nipo palepale.

#24 Mwalimu Mstaafu

Vijana, nawasoma kwa raha. Niwakumbushe kuwa haya yalianza mwaka 1842, daktari wa London aitwaye Nathaniel Ward alipogundua kuwa mmea unaweza kuishi ndani ya kioo kilichofungwa. Maji hupanda kama mvuke, hugonga kioo, hurudi chini. Mvua ndogo. Kwa hiyo kijana wa Uyole akifunga mfuniko wote, maji hayana pa kwenda.

#25 Mkulima wa Mufindi

Shikamoo mwalimu. Masahihisho madogo: ilikuwa 1829. Alifukia buu la nondo kwenye udongo ndani ya chupa, akashangaa kangaga na unyasi vimeota. 1842 ndipo alipochapisha maelezo yake. Nalijua hili kwa sababu ya chai: Robert Fortune alisafirisha miche kutoka China kwenda India ndani ya visanduku vya Ward, bila hivyo miche ilikuwa inakufa kwa chumvi ya bahari juu ya meli. Mtu wa Mufindi lazima ajue chai ilivyotembea.

#26 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Nimesahihishwa na mwanafunzi, siku imeanza vizuri.

#27 Mtoto wa Tukuyu

Kuhusu mawe, ngoja niwape yangu mcheke. Mwaka juzi nilijenga kadogo kwenye ndoo ya kioo. Nikasikia mawe mepesi ya volkano ni mazuri kwa kupitisha maji, na hapa Rungwe yamejaa, yana vitundu kama mkate. Nikapanga mlima mzuri kabisa bwawani, nikaupiga picha, nikatuma kwenye kundi la ukoo. Nikamimina maji. Mlima mzima ukanyanyuka, ukaelea juu kama maandazi kwenye mafuta. Shangazi akauliza kwenye kundi: “Mbona Rungwe umehama?”

Ilibidi niyaloweke wiki tatu chini ya tofali ndipo yakakubali kukaa chini. Ila chini ya udongo ni mazuri sana, mepesi na hayana chokaa. Bwana Kangaga weka hayo badala ya kokoto, kioo chako kitapungua uzito.

#28 Kijiwe cha Kabwe

Rungwe umehama 😂😂 nimesoma nikiwa kwenye daladala watu wananitazama.

#29 fundi_vioo

Turudi kwenye kazi. Bwana Kangaga, fanya jaribio. Hamisha samaki kwenye ndoo. Weka rangi nyekundu ya keki bwawani. Asubuhi vuta maji ya chini ya kokoto upande wa nchi kavu kwa bomba la sindano lenye mrija. Yakiwa mekundu, yanapita.

#30 Baridi Njombe

Na uweke beseni la maji kando ya kisanduku, uweke alama. Beseni likishuka sawa na bwawa, ni mvuke.

#31 Dokta Kokoto

Beseni halina hita wala maporomoko. Unalinganisha mbuzi na baiskeli.

#32 Bwana Kangaga

Matokeo wakuu.

Beseni limeshuka kidogo tu, karibu unene wa shilingi. Bwawa limeshuka kama kawaida. Maji ya chini ya kokoto ni mekundu kama juisi ya rosela. Nimeyavuta yote, nimepata lita moja na kikombe. Kwa hiyo yanaingia nchi kavu.

#33 Dokta Kokoto

Kitambaa! Nilisema.

#34 fundi_vioo

Silikoni! Nilisema.

#35 Mwalimu Mstaafu

Rangi imewaambia yamefika. Haijasema yamepita mlango upi.

#36 Chura Mdogo

Mwalimu kaua. Na mlango wa tatu upo: maporomoko yenyewe. Yamepanda juu ya ule ukuta. Maji yakipita nyuma ya mawe yanaweza kujipenyeza kwenye udongo bila kugusa kitambaa wala silikoni. Yalinikuta, nilihangaika miezi miwili kumbe kijiwe kimoja kilikuwa kimeinama vibaya, kinatupa matone upande usiotakiwa. Zima pampu usiku mbili uone.

#37 Mkulima wa Mufindi

Kuna kitu hamjakiona. Yapite kitambaani au kwenye ufa, maji yakilingana pande zote mbili yanasimama. Sasa Bwana Kangaga kwa sababu ya harufu anayavuta ya nchi kavu, kisha anajaza bwawa. Anaondoa huku, anaongeza kule, ndiyo maana hayaishi. Je, kabla ya jaribio ulikuwa unavuta?

#38 Bwana Kangaga

Nilikuwa navuta kila asubuhi, kangaga lisioze. Sikudhani ni muhimu kulisema.

#39 Dokta Kokoto

Umetuzungusha kurasa mbili mkuu.

#40 Mkulima wa Mufindi

Mimi ningesema ondoa ukuta kabisa. Acha maji ya chini yawe sawa kila mahali, inua nchi kavu juu yake. Pindua vikreti vya plastiki, tandika chandarua, weka udongo juu sentimita tano juu ya maji. Udongo hauguswi na maji, mizizi mirefu inajitafutia. Na huo mkaa wa jikoni usiutegemee kuzuia harufu, si ule uliotengenezwa kuchuja. Udongo ni wa wapi?

#41 Bwana Kangaga

Bustanini kwa mama, kwenye mchicha.

#42 Mkulima wa Mufindi

Wenye samadi. Hapo harufu tumeipata hata kama maji hatujayapata. Samadi ikilowa inatoa amonia, sumu kwa samaki, na ukiwa na bwawa jipya bakteria wa kuigeuza hawajatosha, wanahitaji wiki nne hadi sita. Gapi wako wangapi sasa?

#43 Bwana Kangaga

Wawili.

#44 MamaWawili

Poleni na msiba.

#45 Chura Mdogo

Kwa mnaopenda unyevu, mfano mkubwa tunao jirani. Chura wa Kihansi, milima ya Udzungwa. Alipatikana 1996, hafiki sentimita tatu, anazaa watoto badala ya kutaga. Aliishi kwenye mvuke wa maporomoko tu. Mtambo wa umeme ulipochukua maji ya mto mwaka 2000, mvuke ukakatika. Wakaweka mabomba ya kunyunyiza kulekule korongoni, ila 2003 chura akapungua ghafla, na 2009 ikatangazwa ametoweka porini.

#46 Kijiwe cha Kabwe

Si walipelekwa Marekani hao? Hiyo 1996?

#47 Chura Mdogo

2000 ndipo walipopelekwa, kama mia tano hivi, bustani ya wanyama ya Bronx na kwingine. Toledo nao wakafanikiwa kuwazalisha. 2010 baadhi wakarudi Dar es Salaam, 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Kwa miaka yote hiyo waliishi kwenye visanduku vya kioo vyenye kunyunyiziwa ukungu. Kwa hiyo msidharau hobi hii.

#48 Bwana Kangaga

Afadhali umegusia vyura. Jana usiku nimesikia “tiki, tiki” ndani ya kisanduku. Nimemulika, kachura kadogo ka kahawia kamekaa juu ya kioo cha katikati, mguu mmoja bwawani, mwingine kwenye kuvumwani. Nadhani kalikuja na kuvumwani ya karo. Nikaache au?

#49 Mtoto wa Tukuyu

Kamekaa kwenye daraja la Dokta. Ndiko kanabeba maji kwa kikombe.

#50 Mwalimu Mstaafu

Mrudishe karoni. Mnyama wa porini hafugwi bila kibali, na huyu kaingia kwa bahati mbaya. Vivyo hivyo kwa mimea: nimesikia watu wanatamani okidi za Kitulo kwa vioo hivi. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hata ua moja hulichumi.

#51 Bwana Kangaga

Nimemrudisha. Mwanangu wa mwisho kalia.

Mrejesho: nimekata chandarua na kuvumwani, kioo cha katikati kipo uchi. Siku ya kwanza nimeongeza lita moja badala ya moja na nusu.

#52 Dokta Kokoto

🙌

#53 Bwana Kangaga

Subiri. Siku ya pili lita moja. Siku ya tatu moja na robo. Nikazima pampu usiku mbili kama alivyosema Chura Mdogo, ikashuka robo lita tu kwa usiku.

#54 Chura Mdogo

Maporomoko. Geuza kile kijiwe.

#55 Baridi Njombe

Pampu ikizimwa maji hayapigwi hewani, mvuke nao unapungua. Hiyo robo lita inanisemea mimi pia.

#56 fundi_vioo

Na pampu ikizimwa, maji yaliyokuwa juu ya mawe yanarudi bwawani, kimo kinapanda kabla hakijashuka. Hesabu yenu ina tobo. Mimi bado nataka kuona ile pembe ya chini. Weka picha mkuu, umeahidi tangu juzi.

#57 Kijiwe cha Kabwe

Tangu #2 nalilia picha.

#58 MamaWawili

Naomba kuuliza nje ya mada. Mume wangu anataka kutumia koili ya kuchemshia maji ya kuoga badala ya hita ya samaki, anasema ni umeme uleule.

#59 Wengi wetu Makambako

MAMA MZUIE. Atapika supu, na akitia mkono mtampoteza. Hita ya samaki imefungwa kwa kioo na inajizima yenyewe joto likifika.

#60 MamaWawili

Nimeificha koili kwa jirani.

#61 Mkulima wa Mufindi

Bwana Kangaga, udongo umebadilisha?

#62 Bwana Kangaga

Nimeutoa wote, nimeweka wa msituni uliochujwa na yale mawe mepesi ya Tukuyu, nimeyaloweka kwanza. Harufu imekwisha. Kangaga lililolala limetoa kijani kipya, kimejikunja kama mkia wa kinyonga. Kijiwe nimekigeuza pia, na mfuniko nimeuongeza.

#63 Dokta Kokoto

Umebadilisha vitu vinne kwa siku moja. Sasa hatutajua kamwe ni nini.

#64 fundi_vioo

Leo umeongeza ngapi?

#65 Bwana Kangaga

Kikombe kimoja tu. Ila jana umeme ulikatika kutwa nzima, sijui kama inahesabika.